Wazimu Huanzia Wapi?

Katika maradhi yote yaingiayo majumbani mwetu, hapana yazuayo minong'ono kama wazimu. Mtu akishikwa na homa, majirani hubisha hodi, wakaleta uji, wakauliza khabari yake, wakamwombea dua. Akishikwa na wazimu, miguu ya majirani hupungua mlangoni na swali lenyewe hubadilika. Hawaulizi tena, "Aendeleaje?" Huuliza, "Nani kamfanya?" Hapa Kilwa Masoko tumeyasikia majibu ya kila namna. Wako wasemao ni jini wa mbuyu, wako wasemao ni kijicho cha jamaa, wako wasemao ni bangi, na wako wasemao kijana alisoma mno hata akili ikachoka. Kuna siku tuliyasikia majibu yote manne katika baraza moja, juu ya kijana mmoja, kabla birika la kahawa halijaisha.

Twaandika leo juu ya swali hilo hilo, kwani wataalamu wameanza kuliuliza kwa njia ambayo babu zetu wasingeiwaza. Wachukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa, au damu yake, waigeuza kuwa seli za neva mfano wa zile zilizomo ubongoni, kisha wazitazama zikikua ndani ya kisahani. Khabari hii ikisikiwa kwa mara ya kwanza huonekana kama hadithi za Alfu Lela Ulela. Lakini ni kweli, na yafaa watu wa majumbani waijue, khasa wale wenye mgonjwa ndani.

Kwanza tuelewane juu ya maradhi tunayoyasema. Wazimu ni jina pana, na chini yake yamekusanywa mambo mengi: kuna mtu aliyechanganyikiwa kwa malaria ya kichwani, kuna mzee aliyepotewa na kumbukumbu, kuna mzazi aliyevurugika baada ya kujifungua. Sisi twazungumzia namna moja tu, iitwayo skizofrenia, jina lililotungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908. Wengi hudhani maana yake ni mtu mwenye nafsi mbili. Sivyo. Mgonjwa husikia sauti za watu wasiokuwapo, huamini mambo ambayo hapana awezaye kumtoa katika kuyaamini, maneno yake hukatikakatika, na baadaye hupooza: haogi, hacheki, hana haja na mtu. Aghlabu maradhi haya huanza katika ujana, baina ya miaka ya mwisho ya shule na miaka ya thelathini, na wanaume hutangulia kidogo. Shirika la Afya Duniani limepata kukadiria kuwa wagonjwa wake ni kiasi cha watu milioni 24, yaani mtu 1 katika kila watu 300. Basi hapana mji wa pwani hii ambao hauna mgonjwa wa namna hii. Ila wengine wamefungiwa vyumba vya uani.

Katika jamaa zetu tunaye mmoja. Ni mtoto wa dada yetu, na alikuwa na miaka kumi na tisa maradhi yalipomwanza. Alianza kuziba madirisha kwa magazeti, kisha akasema redio ya jirani inamtaja jina, kisha akawa hali chakula ila akipike mwenyewe. Yalifuata mambo ambayo kila nyumba ya huku yayajua: visomo, kombe, mganga wa ng'ambo ya pili, ngoma, mbuzi mweusi. Mwaka mzima ulipita kabla hajafikishwa hospitali kule Kivinje, na baada ya kuanza sindano akatulia kiasi cha kurudi kazini, akipima na kuuza pweza. Hakupona kabisa. Kuna miezi sindano hukosekana, na miezi hiyo twaijua sote nyumbani bila ya kuambiwa. Lakini jambo lililotuumiza zaidi kuliko maradhi yenyewe ni swali la mama yake, ambalo hakuacha kuliuliza: alikosa nini yeye alipoichukua mimba ile, au alipomlea mtoto yule, hata akawa hivi?

Msomaji asidhani kuwa swali hilo ni la watu wa Kilwa wasiosoma. Mwaka 1948, huko Marekani, daktari mashuhuri aitwaye Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuwa ubaridi na ukali wa mama waweza kumtia mtoto skizofrenia. Neno hilo likashika, na kwa miaka mingi kina mama wa nchi zilizoendelea wakaketi mbele ya madaktari wakishitakiwa kuwa wamewatia watoto wao wazimu. Ubaya wa shitaka hili ni kuwa halina mpaka: mama mpole aliambiwa kamdekeza mwanawe, na mama mkali aliambiwa kamvunja. Sisi twaona kuwa kati ya kumsingizia jini na kumsingizia mama, wenye kusingizia jini walikuwa na huruma zaidi.

Aliyelitikisa shitaka hilo ni daktari Leonard Heston, mwaka 1966, katika jimbo la Oregon. Alitafuta watu 47 ambao mama zao walikuwa na skizofrenia, na ambao walitengwa na mama zao tangu siku za mwanzo za uhai wao, wakalelewa na watu wengine. Akawapambanisha na wengine 50 waliotengwa vivyo hivyo, lakini mama zao hawakuwa na maradhi hayo. Katika wale 47, watano walipata skizofrenia. Katika wale 50 hakupata hata mmoja. Mama hao hawakuwalea, hawakuwadekeza wala hawakuwakemea. Kilichopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kilipita katika damu, kama wasemavyo wazee, au katika jeni, kama wasemavyo wataalamu. Lakini jeni si hukumu yote. Katika mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zile zile, mmoja akiugua, mwenziwe huugua kwa kiasi cha nusu tu au chini yake. Pana jambo jingine basi, nalo hutokea baada ya jeni kugawanywa: tumboni mwa mama, au wakati wa kuzaliwa, au katika maisha ya utoto na ujana.

Hapa ndipo elimu ilipokwama muda mrefu. Ini laweza kuchomwa sindano likatolewa kipande, damu yaweza kupimwa kila siku, lakini ubongo wa mtu aliye hai haukatwi ili kutazamwa tu. Waliokuwa wakitaka kuona ubongo wa mgonjwa wa skizofrenia iliwabidi wangoje afe. Na aghlabu alikufa mtu mzima, baada ya kuugua miaka thelathini na kumeza dawa miaka thelathini. Ni kama mtu aliyeitwa kutazama majivu ya nyumba ya makuti, akaulizwa moto ulianzia chumba gani.

Mlango ulifunguka Japani. Mwaka 2006 Profesa Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kuwa akizitia jeni nne katika seli ya ngozi ya panya mzima, seli hiyo husahau kuwa ni ngozi, ikarudi nyuma katika hali ya mwanzo kabisa, hali ambayo yaweza kuwa kitu chochote: moyo, ini, au neva. Mwaka 2007 likafanyika kwa ngozi ya binadamu. Seli za hali hiyo huitwa seli shina, kwa kuwa matawi yote hutokana nazo. Mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon, ambaye miaka hamsini kabla alikwisha onyesha kwa vyura kuwa seli iliyokomaa bado imebeba maagizo yote ya kiumbe kizima.

Tujibu hapa jambo ambalo msomaji amekwisha kulishuku. Seli shina za mwanzo za binadamu, zilizopatikana Marekani mwaka 1998, zilitolewa katika kijusi cha siku chache, na kijusi hicho kiliharibika. Wanavyuoni na watu wa dini nyingi walikuwa na maneno juu ya jambo hilo, na wangali wanayo. Njia ya Yamanaka haihitaji kijusi. Ni ngozi ya mtu mzima aliyeulizwa akakubali, kama atoavyo damu ya kupimwa. Wala seli zile za kisahani si mtu, wala si ubongo, wala hazina roho ya kuulizwa. Hazisikii wala hazidhani. Tumemsikia mtu akisema kuwa wazungu wanatengeneza wendawazimu ndani ya chupa. Maneno hayo hayana asili.

Mwaka 2011, Kristen Brennand na Fred Gage wa Taasisi ya Salk, huko California, walichukua ngozi za wagonjwa 4 wa skizofrenia, wakazirudisha kuwa seli shina, kisha wakaziongoza zikawa seli za neva. Wakazilinganisha na seli za neva zilizotokana na ngozi za watu wazima wa afya. Seli ya neva si kitu peke yake. Kazi yake ni kushikana na wenziwe na kupokezana khabari. Ili kujua nani kashikana na nani, walitumia virusi vya kichaa cha mbwa, ambavyo tabia yake ni kuruka kutoka neva moja hadi ya pili iliyoungana nayo. Walivilemaza visiweze kuruka ila hatua moja, na wakavitia rangi ing'aayo. Kisha wakahesabu neva zilizong'aa. (Kichaa cha mbwa kikatumiwa kuuliza khabari za kichaa cha watu, hatukuweza kuipita bila kuitaja.) Wakaona kuwa neva za wagonjwa zimeshikana na wenzake kwa uchache, na matawi yake ni machache. Wakazinyunyizia dawa tano za wazimu zitumiwazo hospitalini, na moja katika hizo, iitwayo loxapine, ikaongeza kushikana huko katika neva za wagonjwa wote.

Zingatia maana yake. Neva zile hazijapata kuonja bangi. Hazijalelewa na mama yeyote, mkali wala mpole. Hazijapita chini ya mbuyu wala hazijaolewa uke wenza. Na juu ya hayo zilikuwa na upungufu wake tangu mwanzo wa kukua. Tulipomweleza dada yetu jambo hili, kwa maneno mepesi kuliko haya, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama ngozi hiyo huuma ikikatwa.

Baada ya hapo elimu ilisonga kwa upande mwingine. Mwaka 2016, Steven McCarroll na wenziwe wa Boston walitoa khabari ya jeni iitwayo C4, iliyomo katika kromosomu ya sita, ambayo kwa kawaida huhusika na ulinzi wa mwili dhidi ya vijidudu. Waliona kuwa watu wenye namna fulani za jeni hiyo wana khatari zaidi, na kuwa katika ubongo kazi yake mojawapo ni kutia alama viungo vya neva vinavyopasa kuondolewa. Wakulima wetu wa ufuta wataelewa upesi. Mkulima humwaga mbegu nyingi, miche ikaota imesongamana, kisha hupita akipunguza ili iliyobaki ipate nafasi. Ubongo wa kijana nao hupunguza hivyo, na upunguzaji huo huendelea katika miaka ile ile ambayo maradhi haya hujitokeza. Basi ikadhaniwa kuwa kwa baadhi ya wagonjwa mpunguzaji amepita kiasi, akang'oa na miche iliyotakiwa. Mwaka 2019, Carl Sellgren na wenziwe wakalijaribu jambo hilo katika kisahani: waliweka pamoja neva zilizotokana na seli shina na seli za usafi za ubongo walizozitengeneza kutokana na damu. Zile zilizotoka kwa wagonjwa zilimeza viungo vingi zaidi, na dawa ya kale ya vijidudu, minocycline, ilipunguza umezaji huo.

Mtu mwepesi wa kufurahi angekimbilia duka la dawa. Asikimbilie. Mwaka 2018 huko Uingereza minocycline ilikwisha jaribiwa kwa wagonjwa 207 waliokuwa katika miaka ya mwanzo ya maradhi yao, na haikuwafaa kitu. Kisahani chaweza kusema kweli na mgonjwa asipone, kwa sababu yaliyoharibika mapema huenda hayarudishwi kwa dawa iliyokuja baadaye. Tena neva za kisahani ni changa mno, mfano wa zile za mtoto angali tumboni, ilhali mgonjwa ni mtu wa miaka ishirini. Na wagonjwa wanne si wengi. Hata hao wa Salk walichaguliwa katika jamaa zenye wagonjwa kadhaa. Dawa mpya iliyoidhinishwa Marekani Septemba mwaka 2024, ambayo yatibu maradhi haya kwa njia tofauti na ile ya dawa zote zilizotangulia tangu chlorpromazine ya Paris ya mwaka 1952, haikutoka katika visahani hivi. Twaandika haya ili asije mtu akatoza fedha za jamaa zetu kwa ahadi ya kuwapandikiza seli shina kichwani. Matibabu ya namna hiyo kwa skizofrenia hayapo, na mwenye kuyauza ni mwizi.

Lakini liko jambo la kutusumbua sisi watu wa huku zaidi ya hayo. Ngozi zile ni za nani? Mwaka 2022 wataalamu wa mataifa mengi walikusanya khabari za wagonjwa 76,755 na kuonyesha sehemu 287 za jeni zinazohusiana na skizofrenia. Kazi kubwa. Ila wengi wa watu hao ni wa asili ya Ulaya, wakifuatiwa na wa Mashariki ya Asia, na seli shina zilizohifadhiwa katika maabara za ulimwengu nazo aghlabu ni za watu wa asili ya Ulaya. Waafrika, ambao jeni zao zina tofauti nyingi kuliko za watu wote wa dunia, ndio wachache. Afrika Kusini ilijitokeza mwaka 2020 kwa uchunguzi wa Waxhosa 909 wenye maradhi haya na 917 wasiokuwa nayo. Na kuanzia mwaka 2018 uchunguzi uitwao NeuroGAP-Psychosis ukaanza kukusanya mate ya watu katika nchi za Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ukikusudia wagonjwa 17,000 na wazima 17,000. Mojawapo ya vituo vyake ni Kilifi, pwani hii hii ya Waswahili, penye taasisi ya uchunguzi ya KEMRI-Wellcome. Tanzania haimo katika nchi hizo nne.

Kilwa ina kioja chake katika bab hii. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa jeni za mifupa na meno ya watu 80 wa zamani, wa pwani ya Kenya na Tanzania na jirani yake, na makaburi ya Kilwa yalikuwa miongoni mwa yaliyochunguzwa. Ukaonyesha kuwa kuchanganyika kwa Waafrika na watu wa Uajemi kulianza yapata mwaka 1000, na kuwa upande wa kina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Ni elimu nzuri, na imemaliza mabishano ya barazani, au tuseme imeyaanzisha upya. Lakini twajiuliza: wafu wa Kilwa wamesomwa jeni zao, na walio hai, wenye watoto waliofungiwa uani, hapana aliyewajia na kijichupa cha mate.

Wako watakaosema tusichimbe mambo ya urithi, kwani yataharibu ndoa. Khofu hii ni ya haki, nasi twaijua kwa macho. Posa imepata kurudi kwa sababu ya mjomba aliyekuwa akizungumza peke yake. Basi na ziletwe hesabu. Katika watu wote, aipataye skizofrenia maishani mwake ni kiasi cha mmoja katika 100. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, ni kiasi cha 9 katika 100. Mpwa wake, kiasi cha 4. Alhasili, katika wapwa 100 wa yule mjomba, 96 hawatakuwa na kitu. Anayerudisha posa kwa ajili hiyo humkataa mtu wa afya akidhani amekwepa maradhi, kisha humwoza mwanawe katika nyumba nyingine ambayo mjomba wake amefichwa vizuri zaidi.

Ama majini, sisi hatusemi kuwa hayapo, na si kazi yetu kumpa mtu fatwa. Juli McGruder, mtaalamu Mmarekani aliyekaa Unguja akizichunguza nyumba zenye wagonjwa wa skizofrenia, aliona kuwa zile zilizoamini mambo ya pepo mara nyingi hazikumlaumu mgonjwa; zilimpokea kila aliporudi katika akili yake, zikamwacha kila alipotoka, bila ya kumkemea. Hilo ni jema, na lisitupwe pamoja na mbuzi mweusi. Waislamu wa kale hawakuona ajabu kuyaweka mambo mawili pamoja: hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu yake ya wagonjwa wa akili, nao wakitibiwa kama wagonjwa wengine. Sharia nayo imemwondolea taklifu asiyekuwa na akili. Tusiloweza kulikubali ni mwaka mzima kupotea kabla ya sindano ya kwanza, kwani kadiri tiba inavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Imebaki khabari ya idhini. Mtu mwenye maradhi ya akili ataulizwaje kama akubali kutoa ngozi yake au mate yake? Katika ule uchunguzi wa NeuroGAP, mtu husomewa maelezo, kisha huulizwa maswali ili ijulikane kama ameyafahamu. Asipofahamu huelezwa tena, na akishindwa kabisa hachukuliwi. Ni utaratibu wa adabu. Wakija Kilwa, sisi tungetaka maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Masoko akifahamu mara ya kwanza asomewapo. Yaseme wazi mate yatapelekwa nchi gani na yatakaa huko miaka mingapi. Yaseme kama ngozi ya mtu ikigeuzwa neva, neva hizo zaweza kuishi maabarani baada ya mwenyewe kuzikwa, maana zaweza. Na matokeo yarudishwe hapa, kwa mdomo, barazani, siyo katika kitabu cha Kiingereza tu. Tumemuuliza kijana wetu kama angetoa yake. Alikuwa akipanga pweza, hakuinua kichwa. Alisema angetoa, ila wamlipe nauli.